Mama Haimbii Sanduku

Mama aliitazama ile redio kaseti, akaitazama tena, kisha akaendelea kumenya mbatata zake. "Mie siimbii sanduku," alisema.

Nilikuwa nimeibeba kwa miguu kutoka Kingsbury Road mpaka nyumbani, kwa sababu basi lilichelewa na mimi si mtu wa kusimama kituoni. Sijawahi kuwa. Mama alipenda kusema kwamba nilizaliwa na siafu miguuni. Siku zile nilikuwa nikifanya kazi katika duka la dawa, na tangu daktari atamke neno lake hata kikombe cha chai sikuweza kukimaliza nikiwa nimekaa. Kwake lilikuwa neno jepesi. Kuna uvimbe kooni, utatolewa, na koromeo la sauti litatoka pamoja nao. Mama atapona, alisema, lakini hatazungumza tena kama zamani. Kuimba ndiyo kabisa.

Mazungumzo yake ningeweza kuyakosa nikavumilia, Mungu anisamehe, maana mama alizungumza mpaka na jiko. Nyimbo ndizo zilizoniondolea usingizi.

Kwetu tunasema Kikachi, lugha ya Kachi, kule magharibi ya Bara Hindi walikotoka mababu. Kikachi cha Unguja kilikwisha kunywa maji ya kisiwani, kimejaa Kiswahili, na baada ya Mapinduzi, tulipofungasha tukaja London, tukaja nacho vilevile na viraka vyake. Hakifundishwi popote. Watoto wa Kingsbury walipelekwa Jumamosi kusoma Kigujarati, lugha yenye vitabu na walimu, Kikachi kikabaki jikoni pamoja na masufuria. Mimi mwenyewe nilikielewa chote, lakini mama akinisemesha Kikachi nilimjibu Kiswahili, na wajukuu zake wakimjibu Kiingereza. Kila mmoja alimjibu kwa lugha ya mtaa aliokulia, naye hakuacha kutusemesha kwa yake.

Nyimbo alizozijua kuliko mwanamke yeyote niliyemfahamu zilikuwa za harusini, na wala si zile za kubariki na kulia machozi. Zilikuwa za matusi. Siku ya harusi wanawake wa upande wa bibi harusi hukaa huku, wa upande wa bwana harusi hukaa kule, wakaanza kurushiana. Huku wanaimba kwamba bwana harusi ana tumbo la gunia la karafuu, kule wanajibu kwamba bibi harusi anakoroma mpaka paka wanahama. Anayeongoza hugonga sahani ya shaba kwa pete yake. Ikimalizika, mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi, ambao tangu siku hiyo huitana vevan, hulishana kipande cha sukari guru, na matusi yote yanakuwa yamefutwa. Mteja mmoja pale dukani, mwalimu wa chuo, aliposikia habari hizi alinisihi nizirekodi kabla hazijapotea. Kana kwamba nilihitaji kusihiwa.

"Mama," nikamwambia, "si sanduku hilo, ni mimi. Niimbie mimi."

"Wewe utanijibu?"

Nikaanza kuviringisha waya wa mashine.

"Basi. Tusi lisilojibiwa halina pa kwenda, linabaki nyumbani kwa mwenyewe. Miye nna maradhi, niongeze na hilo? Ukitaka nyimbo, olewa. Watakuja watu wa mume, n'tawaimba mpaka waombe maji."

"Mama, nywele zangu zimeanza mvi."

"Basi tafuta mwenye mvi mwenzio."

Alicheka, akakohoa, akashika koo. Nikatoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na daktari, na hiyo desturi iliyoona mashine ni mgeni asiye na adabu. Tarehe ya operesheni ilikuwa inakuja mbio, na mama alikuwa anapanga nani atakula nini akiwa hospitali.

London nzima nilimjua mtu mmoja tu wa kumjibu mama, na mtu huyo alikuwa hazungumzi naye.

Alikuwa ni vevan wake mwenyewe, mama wa mwanamume aliyemwoa dada yangu kule Unguja. Harusi hiyo watu wa mji waliisimulia kwa miaka, jinsi wanawake wawili walivyoimbana kuanzia mchana mpaka wapiga ngoma wakachoka kabla yao. Mimi sikuisikia mpaka mwisho. Niliwekwa uani kuangalia maziwa yasifurike, na nilinuna kweli. Kisha tulipofika London ndoa ile ikavunjika, dada akahamia Kanada, na vevan akasimama mlangoni petu akasema nyumba hii haikulea mke. Mama akafunga mlango. Haukufunguliwa tena.

Kwa hiyo nikapanda treni kwenda Thornton Heath. Ni upande wa pili wa London, unabadilisha njiani, na kote huko nilisimama ingawa viti vilikuwepo. Nilipobisha hodi alinifungulia mwenyewe, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, mikono imejaa unga wa chapati.

"Mama'ko kakutuma?"

"Hapana, Masi," nikasema, nikimwita mama mdogo kama zamani. "Hajui kama nimekuja."

"Basi hujaja," akasema, lakini aliuacha mlango wazi akarudi jikoni. Nikamfuata. Nilimweleza habari za koo nikiwa nimesimama kati ya jiko na friji, haraka haraka, kama mtu anayesoma dawa kwa mgonjwa wa mwisho. Akaendelea kusukuma chapati. Aliisukuma ile moja mpaka ikawa nyembamba kabisa, haifai tena.

"Maskini," alisema hatimaye. Kisha, "Mungu atamwafu. Lakini miye kwake siendi. Na aimbe peke yake."

Sijui ni nani aliyenipa akili dakika ile. Labda ni hasira tu. Nikasema, "Haya, ataimba peke yake. Kanda itabaki. Watakaosikia watajua mama aliimba, na upande wa pili ulinyamaza."

Akaweka kile kijiti cha kusukumia chini.

"Nani alinyamaza?"

"Sijui, Masi. Kanda ndiyo itakavyosema."

"Miye n'linyamaza? Miye?" Alizima jiko. "Ngoja nivae koti."

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Alikaa na mkoba wake magotini, midomo ikienda bila sauti, na nikaelewa kwamba anapasha majibu moto. Mimi nilisimama mlangoni mwa behewa. Nilijua mama anaweza kumfungia mlango mara ya pili, na mara hiyo ungekuwa umefungwa hata kwangu.

Mama alikuwa sebuleni. Alimwona mwenzake akisimama kwenye kizingiti na koti lake la kijivu, mimi nyuma yake. Hawakusalimiana. Mama akanyoosha mkono taratibu, akaivuta sahani ya shaba iliyokuwa na machungwa, akayamwaga machungwa juu ya kochi, akavua pete ya kidole cha kati. Akagonga. Akaanza kuimba mgeni akiwa hata hajavua viatu.

Na mashine ilikuwa kabatini. Niliikimbilia, nikachomeka waya, ukachomoka, nikachomeka tena, nikaweka kanda kinyume. Ule wimbo wa kwanza umepotea, haumo popote, na mpaka leo nikiukumbuka moyo unaniuma. Kanda yangu inaanza na kicheko cha vevan na sauti ya chungwa likianguka.

Lakini baada ya hapo zimo. Nazieleza hapa kwa Kiswahili, ingawa zinapoteza chumvi.

Mama aliimba: "Vevan amekuja na viatu vya kuazima, cha kushoto cha mjomba, cha kulia cha jirani."

Vevan, huku akivua koti, akajibu: "Viatu tumeazima, miguu ni yetu. Nyinyi mmeazima sahani, na wali ulio ndani yake."

Mama akaimba kwamba bwana harusi aliletwa gizani ili asionekane. Vevan akajibu kwamba aliletwa gizani kwa huruma, asiwaone wakwe. Waliimba mpaka nikageuza kanda, nikaweka nyingine. Sauti ya mama ilikuwa imeingia kutu, ilikatika katikati ya mstari, na kila ilipokatika vevan aliushika mstari huohuo, wa kumtukana yeye mwenyewe, akamfikishia mpaka mwisho, kisha akaujibu. Sikuwahi kuona adabu kubwa kuliko hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa chini sakafuni. Nilipokumbuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi, maana nilikuwa sijainuka tangu tulipoanza.

Mwisho mama alishika wimbo wa kufungia, ambao ni wa upande wa bibi harusi, na mwendo wake ni wa polepole. "Mlikuja mikono mitupu, mnaondoka na mwimbaji wa nyumba yetu. Sasa tuambieni, nani atatuimbia?" Akasubiri. Mimi nikaisogeza mashine karibu na vevan. Nilikuwa silijui jibu. Lile ndilo lililoimbwa nikiwa uani na maziwa.

Vevan akainuka. Kisha akachukua koti lake.

"Hilo n'takujibu ukitoka hospitali," akasema.

"Jibu sasa, vevan," mama akasema. Ndilo neno la kwanza alilomsemesha bila wimbo. "Sukari guru ipo."

"Itakaa. Haiozi. Sijibu mtu anayeaga."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikimwomba, nikamwambia mama akitoka hatakuwa na sauti, kanda itabaki bila mwisho, yote tuliyofanya yatakuwa kazi bure. Alinipiga piga mkononi akapanda treni.

Mama alifanyiwa operesheni, akarudi nyumbani na kitambaa laini shingoni na tundu dogo la kupumulia. Alipona, kama daktari alivyosema. Ila nyumba ile ilikuwa haikaliki. Mama akinihitaji aligonga sahani kwa kijiko, na kila aliponigongea nilikuja mbio nikidhani kuna jambo, kumbe anataka pazia lifunguliwe. Nilitembea. Sebuleni, jikoni, sebuleni. Mama akilala mchana niliweka kanda kwa sauti ya chini nikapiga pasi, na pasi ikifuka mvuke niliimba naye, zile za upande wake tu, kwa kuwa ndizo zilizonihusu. Ulimi wangu ulikwama. Kikachi nilichokielewa miaka yote kilikuwa hakijawahi kupita kinywani mwangu, na kilipopita kilikuwa kizito. Nguo hazikuwahi kupigwa pasi namna ile.

Vevan alikuja Jumapili moja, bila kuitwa. Alileta mtindi. Alikaa karibu na mama, akakitazama kile kitambaa bila kugeuza macho, akamrekebishia pindo lake. Halafu akasema, kwa Kikachi, "Nina deni la wimbo," na mimi nikakimbilia mashine. Akanizuia kwa mkono.

"Iache hiyo. Kaa chini."

Nikakaa.

Mama alivuta sahani, akavua pete, akagonga ule mwendo wa polepole. Aliugonga wimbo wake wote, mstari kwa mstari, bila sauti, midomo ikienda. Nani atatuimbia? Ndipo vevan akaimba jibu, lile aliloliimba Unguja nami nikiwa nimenuna uani. Aliliimba akinitazama mimi.

"Tumechukua mmoja, mmoja tumekuachieni. Yule mvivu, anayechunga maziwa. Mfundisheni huyo."

Mama akaacha kugonga. Wote wawili walikuwa wamenigeukia. Miguu, miguu yangu hii, ilitaka kuinuka ikatafute vyombo vya kuosha. Tusi lilikuwa limetolewa, na lilikuwa langu. Lisipojibiwa lingebaki kwa vevan aliyeliimba.

Nikafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa wimbo ule wa viatu, vya kuazima, cha kushoto cha mjomba. Ulitoka vibaya, juu mno, na neno la jirani nikalivunja vipande viwili. Vevan akafumba macho kama mtu aliyeuma pilipili.

"Sauti mbaya," alisema. "Endelea."

Nikaendelea. Mama alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono juu ya sahani. Kisha akanipiga kofi la paja, kofi hasa, maana nilikuwa naukimbiza wimbo kama kawaida yangu, akaanza kugonga polepole mpaka nikamfuata.