Kuku wa Mgeni na Damu ya Kasa

Watu wa Mjimwema, mbali na pwani, walimjua Lidwina kwa ubishi. Hospitali ilipopunguza wafanyakazi wa maabara, yeye akiwemo, miaka ile ya ruksa biashara ilipofunguliwa huria, wenzake walikimbilia biashara ya mitumba. Yeye akafungua chumba cha kupima damu barazani kwake, na hadubini kuukuu. Malaria ijifiche itakavyo, yeye ataifukua tu.

Ndiyo maana Chande, bwana samaki, yaani afisa uvuvi, wa Mtwara, alipokuja likizo alimletea vioo vyenye damu iliyokaushwa. Ilikuwa ya kasa aliyenaswa wavuni, amedhoofu, anatunzwa kidimbwini na wenzake.

"Mama Adela," Chande alimwambia Lidwina, "kasa huyu akiwa na ugonjwa, wakubwa wamesema auawe asije akaambukiza wengine. Akiwa mzima, anarudi baharini. Wanangoja simu yangu leo."

Lidwina alivitia rangi, akachungulia. Kila chembe ilikuwa na kiini! Kwa binadamu, chembe nyekundu hazina kiini. Zenye kiini ni zile nyeupe zinazopigana na maradhi, na zikifurika namna hii mgonjwa hana siku nyingi.

"Pole, kaka. Huyu kaisha."

Chande alinyong'onyea. Lakini mgeni wa mbali haondoki bila kuku, na kwa kuwa ni Mwislamu, Lidwina alimpa kisu achinje mwenyewe. Akachinja, akanawa, akaenda posta kupiga simu.

Lidwina alianza kunyonyoa. Damu ikamchuruzika kidoleni, akaitazama. Kuku huyu asubuhi nzima alikuwa akipekua bustani, mzima wa afya. Akapaka tone kwenye kioo, akatia rangi, akachungulia. Viini vitupu, vilevile!

"Mama yangu, naua kiumbe cha watu!"

Alitimua mbio na manyoya mikononi. Posta alimkuta Chande ndiyo kwanza anashika simu. Mbele ya foleni nzima akapaza sauti: "Kaka, nimekosea! Damu ya kasa ni kama ya kuku, nimehesabu nyekundu kuwa nyeupe! Msimuue!"

Watu waliangua kicheko. Hakujali hata chembe. Alirudi akahesabu upya, na nyeupe zilikuwa chache, vijidudu hakuna. Kasa alikuwa na njaa tu.

Mwaka uliofuata Chande alileta picha: nyayo za kasa yule mchangani, zinaishia majini. Lidwina, ambaye bahari hajaiona hadi leo, aliibandika juu ya hadubini. Mgonjwa akiiulizia picha hiyo, humsimulia kwanza jinsi alivyokosea.