Malenge Yaliyojiotea Jaani

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu uliolala upande, na kwa maneno yatakayokosa herufi hapa na pale. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu huandika polepole kama wa mtu anayechambua mchele. Kuongea mbele ya watu kunanishinda zaidi, kwa hiyo acha niandike. Ninachotaka kusimulia kina harufu: maji ya kuoshea vyombo yakimwagwa juu ya jivu, maganda na mavi makavu ya ng'ombe, nyuma ya nyumba yetu ya mabati pale Noonkopir. Kila nikiisikia harufu hiyo namwona nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba tulimwita Susu, amechuchumaa kando ya jaa akiisemesha mimea.

Mwaka huo mvua ilikataa. Upepo ulitoka mbugani na vumbi jeupe na harufu ya mizoga, kwa sababu ng'ombe wa majirani zetu Wamaasai walikuwa wakianguka hata kando ya barabara, na hakukuwa na mtu wa kuwanunua. Susu aliletwa kwetu kutoka Ukambani baada ya shamba lake kukauka. Baba alikuwa amesimamishwa kazi kwenye machimbo ya mawe, na Mama alifua nguo katika nyumba za watu ng'ambo ya barabara ya Namanga. Alichorudi nacho ndicho tulichokula. Siku nyingine alirudi na mikono iliyokunjamana tu.

Hakuna mtu aliyepanda malenge yale. Asubuhi moja Susu alituita jaani, mimi na ndugu yangu Mutua, akatuonyesha miche iliyojiotea katikati ya jivu, kila mmoja na majani mawili manene. Alituonyesha kwa ngumi. "Msiyanyooshee kidole," alisema. "Lenge likinyooshewa kidole linaoza. Kunja mkono namna hii." Mutua, ambaye hakuweza kukaa bila mchezo, akaanza kuonyesha kwa kiwiko, kisha kwa pua, mpaka Susu akacheka na kumpiga kofi dogo mgongoni. Tangu siku hiyo maji yetu yote ya kuoga yalikwenda jaani. "Tunaoga sisi, yananenepa malenge," Mutua alilalamika, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba beseni.

Tulianza kwa kula majani. Susu alinifundisha kuvuta nyuzi kutoka kwenye vikonyo vyake, zikatoka ndefu kama uzi wa kushonea, na tuliyapika na mbaazi alizokuja nazo. Baadaye yakaja malenge yenyewe, ya kijani yenye mistari myeupe, sawa na yale yanayoletwa sokoni kutoka Loitokitok. Tuliyachemsha na maganda yake. Yalikuwa matamu na ya unga, na kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilinukia chakula. Upande wa ua kulikuwa na mmea mwingine, wenye malenge madogo ya manjano yenye shingo iliyopinda. Ulizaa kuliko mingine yote. Susu alisema hayo yangoje, tutayala ya kijani yakiisha.

Yaliisha. Mchana huo hapakuwa na kitu kingine ndani ya nyumba. Susu alikata la manjano, akagusa kipande kwa ulimi, na uso wake ukajikunja wote.

"Ni machungu," alisema.

"Basi tutupe, Mwaitu," Mama akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Tutupe, halafu watoto wale nini? Mimi nimekula mizizi michungu kushinda haya, na niko hapa."

Akatueleza. Katika miaka ya njaa ya usichana wake, walichemsha mizizi ya porini, wakamwaga maji, wakachemsha tena na magadi, hivyo hivyo mpaka uchungu utoke. Na palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: mkubwa wa nyumba anakula kwanza, anakula ashibe, na watoto wanangoja mpaka kesho yake. Akiamka mzima, wote wanakula.

Akachemsha, akamwaga, akachemsha tena. Magadi yalifanya povu la manjano juu ya sufuria. Tulikaa mlangoni tukimtazama akila sahani nzima.

"Susu, unatuonjea ama unatumalizia?" Mutua akauliza.

"Nyamaza wewe. Meno ya mbele huna, ungeliuma na nini?"

"Uchungu umetoka?" Mama akauliza.

"Umepungua," Susu akasema, akapangusa sahani kwa kidole.

Mimi nilimeza mate tu.

Jua lilikuwa bado juu alipoanza kutapika. Halafu tumbo likafunguka, na hakuna kilichokaa ndani yake, hata maji. Baba alimwita jirani mwenye pikipiki. Walipokuwa wakimnyanyua, Susu alimshika Mama mkono akauliza, "Watoto wamekula?" Mama akamwambia hapana. "Vizuri," akasema, na hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake. Hospitalini daktari aliuliza alichokula. Alisema uchungu wa malenge ni sumu isiyotoka kwa moto wala kwa magadi. Mizizi ya Susu ilikuwa kitu kingine. Mama ndipo alipokumbuka vibuyu vidogo vya manjano vya kupamba meza, vilivyotupwa baada ya Krismasi katika nyumba moja alikofua. Alikuwa ametuletea tuvichezee. Vilipopasuka, tulivitupa jaani.

Mwili wa Susu ulikuwa umekaushwa na njaa tayari. Haukuwa na maji ya kupoteza. Alikufa asubuhi iliyofuata.

Tuliporudi kutoka kumzika, Mutua alikwenda jaani peke yake. Nilimwona akisimama mbele ya mmea ule, akinyoosha kidole, kidole kilichonyooka kabisa, kwa kila lenge la manjano. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, akayanyooshea tena. Hayakuoza. Yaliendelea kung'aa mpaka Baba alipong'oa mmea wote na kuuchoma.

Sasa mahali pa jaa pamejengwa ghorofa, na takataka zetu hubebwa na lori zikiwa ndani ya mifuko. Sokoni kuna malenge ya kila aina, na mimi mwenyewe hupanda machache ndani ya magunia, kwa mbegu za dukani. Mutua ana sauti nzito siku hizi na hali malenge. Mimi nakula. Lakini kabla ya kuwasha jiko hukata kipande kibichi, nakigusisha ulimi, nakitema. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye mwaka ule alikuwa mgongoni mwa Mama, hunicheka. "Unaogopa nini? Si ni malenge tu?" Namwambia angoje. Njaa ya kwake ni ya kutoka shuleni, itaisha jioni hiyo hiyo, na sijui nimshukuru nani kwa hilo.

Nyinyi mnaosoma, kama kwenu pia mkubwa alikula kwanza, niandikieni. Hata mwandiko wenu ukiwa mbaya kama wangu, nitausoma. Niambieni alikuwa nani, na kama aliamka.