Diski Niliyoihifadhi Penye Moshi

Hakuna kitu cha kunishtua duniani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijitapa, na nilikuwa na haki. Nimeishia darasa la nne, nimebeba viroba vya viazi mgongoni, leo nina malori na ofisi Mlandege yenye kiti cha kuzunguka.

Radi ikapiga ofisi. Kompyuta ikafa na barua pepe zote nilizoandikiana na mnunuzi wangu wa parachichi. Mtandaoni hazikubaki. Siku chache baadaye meneja wake mpya akanipigia.

"Bei unayodai mimi siioni popote. Nitumie barua ya makubaliano yenu kabla ya Ijumaa, la sivyo nalipa ya soko."

Soko lilikuwa limeanguka. Na wakulima walishachuma kwa bei niliyowatangazia mwenyewe kanisani, baada ya ibada.

Nikacheka. Si nilikuwa na nakala? Diski yenye nakala nilishaipeleka zamani kwa mama, milimani Mbeya, nikaiweka mahali salama kuliko benki: kwenye kichanja juu ya moto, katikati ya mbegu za mahindi. Kwetu mbegu haiguswi na mtu, na moshi hufukuza wadudu. Nikaenda kuichukua, nikampelekea dada mmoja fundi wa kompyuta, mtaa wa Kihesa.

Aliinusa kwanza.

"Mzee, hii ni diski au nyama ya kukausha?"

"Fanya kazi, dada."

Akaanza kurudisha barua. Ikaenda, ikakwama. Akabadilisha waya, ikakwama. Akahamia kompyuta nyingine, ikakwama palepale. Akajaribu kuzitoa kidogo kidogo, za zamani kwanza. Nikaziona zikipanda kwenye kioo: salamu za Krismasi, bei za matairi, mwezi baada ya mwezi. Zikafika ukingoni mwa mwezi ule tuliokubaliana bei. Zikasimama.

"Rudia."

"Joto limeiharibu, mzee. Nikirudia inaweza kufa kabisa."

"Nimesema rudia!"

Ikatoa mlio kama kucha kwenye bati, halafu kimya. Fundi akaondoa mkono taratibu, hakunitazama.

Simu ikaita. Alikuwa kiongozi wa wakulima.

"Kaka, magari kesho yapo? Matunda yapo chini, na watu wananiuliza mimi."

Nikawaona akilini wakulima wote kanisani wakigeuza shingo niingiapo.

"Yapo," nikasema. "Na bei ni ileile."

Kesho yake nilipakia. Mnunuzi alilipa ya soko, wakulima niliwalipa ya kanisani, hakuna aliyepunjwa hata mia. Pengo lile nililiziba kwa kuuza lori moja, lile langu la kwanza. Ukijumlisha na pesa ya fundi, ambaye alitaka kukataa malipo nikamlazimisha, ilinigharimu shilingi 11,460,000.