Binti Aliyeninyamazia

Mabinti na vijana wa kundi lile ninaweza kuwaita mmoja mmoja hata leo, jina lake na la baba yake, na kwao ni wapi. Kichwa changu hakijaacha jina hata moja. Lakini hapa sitawataja. Mmoja wao nilimkosea mbele ya wenzake, na kumtaja tena kwenye maandishi ni kama kumsimamisha pale pale kwa mara ya pili.

Kazi yenyewe niliipata bombani. Mwalimu wa chuo kimoja cha uuguzi alipanga nyumba ya jirani yangu hapa Mabatini, huku juu kwenye mawe, tukawa tunapanga ndoo foleni moja. Asubuhi moja alinikuta namuigiza mwenye nyumba wake anavyodai watu wazime taa, wanawake wameshika mbavu kwa kucheka. Jioni akaja kwangu, akapiga goti, akasema, "Bibi, nimekupatia kazi chuoni."

"Kazi gani na mimi darasa la nne?"

"Kuumwa."

Nikamwambia hiyo ninaifanya siku zote bila mshahara. Akacheka, akanieleza. Wanafunzi wake wanasoma dawa, wanasoma mwili, lakini kuongea na mgonjwa hakukai kichwani kwa kuandikiwa ubaoni, mpaka mtu afanye, akosee, aambiwe, arudie. Kwa hiyo anatafuta watu wazima wa kukaa chumbani kama wagonjwa. Mwanafunzi anaingia peke yake, anaongea nawe, anatoka. Wakimaliza wote, mnakaa duara na mwalimu, na wewe mgonjwa unasema mbele yao ulivyojisikia na kila mmoja. Aliniita mgonjwa wa mazoezi. Nilipenda jina hilo kuliko nilivyomwonyesha.

Ugonjwa nilipewa na yeye. Nilikuwa bibi mwenye presha isiyoshuka, na sababu ya kutoshuka ni kwamba nimeacha vidonge, nakunywa mizizi ya mganga, ila sitaki watu wajue. Nisiseme mpaka niulizwe vizuri, bila kufokewa. Mwalimu akanisomea, nikamwambia inatosha, nimeshika.

Na niliiweza ile kazi. Vijana waliniingilia na maswali kama polisi wa barabarani: lini, wapi, mara ngapi. Nami nikawajibu, "Sijui mwanangu, we ndiye daktari." Wakatoka jasho linawatiririka. Binti mmoja wa kwetu Usukumani aliingia akapiga magoti yote mawili, akanipa mikono miwili, akaniamkia Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akauliza habari za nyumba, za wajukuu, za mvua, na mihogo kama imeota. Moyo ukanilainika kabisa. Mizizi hakuiuliza, muda ukamwishia kwenye mihogo, lakini nilitaka kumchukua aje akae kwangu.

Ndipo akaingia binti wa Nansio, kisiwani kwa Wakerewe.

Alikuwa mfupi, mkimya, viatu vyake amevifuta sana mpaka ngozi inachubuka. Akasema "Shikamoo bibi" huku bado yuko mlangoni, hata goti hakukunja. Nikasema marahaba nikiwa nimeangalia dirisha. Akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu, siyo mbele kama wenzake. Akaniuliza, "Bibi, vidonge vinakusumbua nini?" Nikajibu kama nilivyojibu wengine, kwamba sijui. Hakuuliza tena. Akanyamaza.

Nyie, mimi nimezoea makelele. Nimelea watoto sita na wajukuu kwenye vyumba viwili, nimeuza dagaa sokoni miaka mingi, na sokoni anayenyamaza ndiye anayelala na mzigo. Ukimya wa yule binti sikujua niuweke wapi. Nje mtu alikuwa anafagia, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Binti ametulia, mikono mapajani, ananitazama kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwao. Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema, "Vinanikojosha."

Hiyo haikuwa ya mwalimu. Hiyo ilikuwa yangu.

Kwa sababu presha ninayo kweli, na vidonge nilikuwa nimeviacha kweli, ila mganga hayumo. Nikivimeza nilikuwa sishiki mkojo. Akauliza taratibu, "Ilitokea wapi, bibi?" Nikamwambia. Msibani, tumekaa mkekani wanawake wa jumuiya yetu, nimenyanyuka kupokea uji, na kanga nyuma imelowa, na mkeka pia. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja alinifunga kanga yake kiunoni haraka haraka, akaendelea kuimba. Tangu siku hiyo vidonge viko chini ya godoro, na binti yangu akiniuliza namwambia nameza. Hayo yote nilimwambia mtoto ambaye hata goti hakunipigia.

Hakuandika kitu. Akasema, "Pole bibi." Muda ukaisha, akatoka.

Nilibaki pale nikiwa uchi. Siyo kwa nguo, mnanielewa. Nikafikiria duara. Nikafikiria mwalimu atakavyomuuliza, "Umegundua nini?" na yeye atakavyosimama aseme mbele ya vijana wale, bibi anajikojolea. Na mwalimu ni jirani yangu, tunachota bomba moja.

Kwa hiyo tulipokaa duara sikungoja. Ilipofika zamu yake nilisema kwanza mimi. Nikasema yule ndiye aliyeniumiza kuliko wote. Nikasema aliniamkia mlangoni kama anaamkia mbuzi, hakupiga goti, hakunipa mkono, akaja kunikalia ubavuni kama rika langu, akaishiwa maneno akakaa ananikodolea macho. "Huyu," nikasema, "mgonjwa wa kweli angenyanyuka akaenda zake nyumbani." Wenzake wakacheka chinichini. Mmoja akasema, "Mkerewe huyo bibi, anadhani bado yuko kwenye kivuko." Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Mwalimu akamgeukia. "Haya, na wewe umepata nini kwa bibi? Kwa nini presha haishuki?"

Binti akanitazama. Mara moja tu. Akasema, "Sikupata kitu, mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Alikuwa anacho. Angeweza kukisema akapona, tena angewapita wote, maana hakuna mwingine aliyekuwa na jibu lolote. Alijua kwa sauti yangu kwamba lile halikuwa la mazoezi, akalifungia, akakubali kuonekana bure. Nami nilikuwa na mdomo, nikakaa kimya. Nikasema moyoni nitamwambia mwalimu baadaye. Mkisikia mtu anasema baadaye, mjue.

Jumatatu iliyofuata wenzake walipelekwa wodini hospitalini. Yeye alibakizwa arudie. Mwalimu aliniambia bombani, kwa wema kabisa, "Umetusaidia bibi. Yule angetuaibisha kwa wagonjwa." Maji yalijaa ndoo yakamwagika miguuni kwangu, mwanamke nyuma yangu akauliza kama nachota au nabatiza. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nikafunga bomba, nikajitwika, nikapanda mawe.

Wiki ile chakula kilikuwa hakipiti. Wajukuu wangu wakaleta samaki, sato mkubwa, wa kuchoma, ambaye kwa kawaida namla mpaka kichwa natafuna. Nikawaachia. Binti yangu akauliza, "Mama, unameza vidonge?" Nikasema nameza. Uongo mmoja ulikuwa umeshaona mwenzake, wakakaa pamoja.

Mwalimu akaniita tena. Kuna wanaorudia, wawili, njoo uumwe. Nikaenda nikiwa nimeamua kwamba safari hii, yule binti akinyamaza, nitampa ile mizizi ya mganga yote, afaulu, aende, yaishe, na siri yangu ibaki chini ya godoro. Niliona nimepata njia nzuri. Nilivaa hadi kitenge kipya.

Akaingia. Akapiga magoti yote mawili sakafuni, pale kwenye saruji. Mikono miwili. "Shikamoo bibi yangu." Akauliza nimeamkaje, watoto wameamkaje, nyumba, jirani, shamba. Kiti akakiweka mbele yangu. Kisha maswali yakaanza kutoka mfululizo, lini, wapi, mara ngapi, na kila nikitaka kuvuta pumzi amenitangulia na jingine, anatabasamu, anaitikia "ndiyo bibi, sawa bibi" kabla sijamaliza neno. Hakuacha hata upenyo wa sindano. Nilikaa nikiwa na mizizi yangu mdomoni na sikupata pa kuitema. Muda ukaisha. Akanipigia goti tena, akatoka.

Nilimfundisha mimi. Kile alichokuwa nacho, ambacho sidhani alifundishwa na mtu, nilikiita utovu wa adabu mbele za watu, naye akakitupa kama mtoto mwenye heshima anavyotii mkubwa.

Safari hii duara lilikuwa dogo: mwalimu, wale wawili, na mimi. Mwalimu amefurahi. "Eh bibi, huyu si amebadilika?"

Nikasema amebadilika. Nikasema, "Nirudishieni yule wa mwanzo."

Mwalimu akadhani natania. Basi nikasema yote. Vidonge, godoro, mkeka wa msibani, kanga ya yule mama. Nikasema kwamba binti alikaa ubavuni kwangu nikamwambia jambo ambalo hata mwanangu wa kumzaa hajui, na nikamsema vibaya kwa kuogopa asije akanisema, na hakunisema. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Kijana yule mwingine aliyekuwa anarudia alitazama dari.

Mwalimu akasema bila kufoka, na ingekuwa nafuu angefoka, "Bibi, mimi nimembakiza huyu kwa neno lako. Mgonjwa wa mazoezi akiwa na hasira zake, anamwambia mwalimu, hamuadhibu mwanafunzi."

"Nimekosa, mwalimu."

"Siyo mimi wa kuambiwa."

Nikamgeukia binti. Nikataka kunyanyuka, nimpigie goti mimi, na magoti yangu nayo yanajulikana. Alikuwa ameshika daftari lake kifuani na macho yamejaa, na alichosema sikukitegemea.

"Sasa bibi, mimi nilikutunzia. Mbona umewaambia?"

Wenzake walimcheka kwa ajili ya siri ile, alibaki nyuma kwa ajili yake, na mimi nimekuja kuimwaga mezani ili moyo wangu upumue. Nilidhani nalipa. Kumbe hata kulipa kwenyewe nilijifikiria mwenyewe kwanza.

Mwalimu alimruhusu aende wodini wiki hiyo hiyo. Aliwakuta wenzake wameshajua pa kuweka kila kitu, yeye anaanza kuuliza choo kiko wapi. Hilo sikuweza kumrudishia.

Mimi mwalimu akaniandikia karatasi niende kliniki nibadilishiwe dawa, maana kumbe zipo nyingine zisizokimbiza mtu chooni hivyo. Mwaka mzima nimeona haya kwa kitu ambacho daktari angekibadilisha kama angeambiwa. Nilipewa, nikaziweka. Siku zikapita. Niliweka wapi, mnajua.

Niliporudi kwa tarehe yangu nilikaa benchi la mapokezi, jina likaitwa, nikaingia chumba cha kupimia. Ni yeye. Kofia imekaa sawa, viatu vilevile. Kulikuwa na wagonjwa wengine mlangoni wanangoja.

"Shikamoo bibi." Hakupiga goti. Alivuta kiti, akakaa ubavuni.

"Marahaba mwanangu."

Akanifunga kile kitambaa mkononi, akajaza upepo, akausikiliza ukitoka. Sura yake haikuonyesha kitu.

"Vidonge vipya umeanza?"

"Nimeanza."

Kalamu alikuwa ameishika, lakini hakuandika. Alinitazama, akaweka mikono mapajani. Nje mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto, kwa Kijita, taratibu. Yeye hakusema neno. Nikajua angekaa hivyo hata foleni ifike barabarani.

"Nimeanza leo asubuhi," nikasema. "Kwa sababu nilikuwa nakuja."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti karibu zaidi.