Salamu za Baba Mdogo kutoka Rotterdam

Mwezi wa tano mwaka 1974 tulimpoteza baba mdogo Salim, mdogo wake baba, aliyekuwa akipakua shehena bandarini Rotterdam. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sijui kusimulia kwa kuficha, na kwa sababu siku ile sisi wenyewe tulifichwa.

Kila vuli ninapowasha hita ya umeme kwa mara ya kwanza, harufu ya vumbi linaloungua hunirudisha Spånga, kitongoji cha Stockholm, kwenye fleti yetu, nikiwa na miaka tisa. Redio ya baba ilinukia hivyo. Ilikuwa kubwa, ya mbao, tuliinunua kwa mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa anahama, na ilikaa kwanza ikipata moto kabla ya kutoa sauti. Baba aliiunganisha na waya mrefu uliotoka dirishani mpaka kwenye vyuma vya baraza. Mama alianika soksi zangu kwenye waya huo, na baba alilalamika kwamba soksi ndizo zinazoleta mikwaruzo.

Kwa waya huo tuliipata idhaa ambayo Waholanzi waliwarushia mabaharia wao, na Jumapili idhaa hiyo ilitangaza ligi kuu yao. Kiholanzi hatukukijua. Baba alijua kuhesabu tu, na majina ya miji, kama alivyofundishwa na mdogo wake. Vilitosha. Mtangazaji akitaja Rotterdam na kelele za uwanja zikipanda kama mvua inayosogea juu ya mabati, baba alininyooshea kidole redioni: baba yako mdogo yumo humo, sikiliza. Nami nilisikiliza. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba naitambua sauti yake.

Baba mdogo alishabikia timu ya Rotterdam. Baba akachagua ya Amsterdam, nadhani ili tu apate wa kubishana naye. Mwaka ule ulikuwa mbaya kwake. Nyota wa Amsterdam alikuwa ameuzwa Uhispania, na waliokuwa wakifukuzana kileleni ni Rotterdam na timu ya Enschede, mji ambao hata baba mdogo alikiri hakuwahi kuufikiria.

Nyumbani hatukuwa na simu. Simu ilikuwa kwa Bwana Mrisho, Sundbyberg, mtu mzima kidogo kuliko baba, waliyefanya naye kazi kiwanda kimoja. Baba mdogo alipiga huko, na Bwana Mrisho akazileta salamu kwa treni siku akija kututembelea. Mpira hakuupenda wala kuuelewa. Lakini alikuwa mwaminifu, kwa hiyo alizifikisha zile kejeli neno kwa neno, amekaa wima, koti bado mwilini, kama anayesoma tangazo la serikali: "Salim anasema kipa wenu anadaka kwa macho. Salim anasema Amsterdam mlichobakiwa nacho ni jezi." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Bwana Mrisho aliuliza kwa upole kama amekosea mahali.

Majira ya baridi alileta salamu nyingine. Salim anasema Rotterdam wakichukua ubingwa, atakuja Stockholm kumwonyesha kaka yake uso wa mshindi. Walikuwa hawajaonana tangu watoke Tanga. Tangu siku hiyo baba alibadilika. Mdomoni alibaki Amsterdam, lakini Rotterdam wakifunga goli nilimwona akikunja ngumi chini ya meza. Nilipomuuliza kwa Kiswidi yuko upande gani, akasema swali kama hilo haliulizwi kwa Kiswidi, na kwa Kiswahili vilevile hakunijibu.

Jumapili ambayo bingwa angejulikana, wageni walianza kuja tangu adhuhuri. Alitangulia Mama Rehema, mke wa Bwana Mrisho, na sufuria ya pilau, akaingia jikoni moja kwa moja na kufunga mlango. Wakafuata Watanzania wengine, wawili, mmoja, watatu, kila mmoja akieleza kwamba alikuwa anapita tu. Spånga hakuna aliyekuwa akipita tu. Mimi nilifurahi. Niliona kwamba hatimaye watu wamekuja kusikiliza mpira na baba.

Bwana Mrisho aliingia wa mwisho. Baba akamdaka mlangoni. "Ehe, Salim kasemaje leo?"

Bwana Mrisho alisema tule kwanza.

Kwetu habari nzito haimwagwi juu ya mtu mwenye njaa. Watu hukusanyika, mhusika hulishwa, ndipo mkubwa wao husema, taratibu. Ndivyo walivyopanga. Ambacho hawakukipangia ni baba kukataa kula. Mama alitoka jikoni, amejifunika kanga kichwani, macho mekundu, nikadhani ni vitunguu. Akamwambia, "Kula, baba Zuhura." Baba akasema atakula na ubingwa.

Wakakaa. Bwana Mrisho, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuuliza swali moja kuhusu mpira, akauliza kuotea ni nini. Baba akamweleza kwa vikombe vya chai. Akauliza tena. Baba akaeleza tena kwa furaha, vikombe vikahama meza nzima. Kisha redio ikanguruma, mtangazaji akapayuka jina la Rotterdam, na baba akasimama, mikono juu.

"Sasa hana ujanja. Lazima aje."

Bwana Mrisho alinyanyuka, akapunguza sauti ya redio.

"Kaka, kaa. Salim alipata ajali jana, kazini."

"Yuko hospitali gani?"

"Hatunaye, kaka."

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Aliuliza walijua tangu lini. Bwana Mrisho akasema tangu asubuhi.

"Mkaniacha nishangilie?"

"Tulitaka ule kwanza."

Kwa miaka mingi niliwaona kuwa wakatili. Kisha, mtu mzima tayari, nilitumwa mtaa wa Akalla kumwambia mama mmoja kuhusu mwanawe. Nilijikuta nikimsifia mapazia, nikimwuliza aliyanunua wapi, na alipojibu nikauliza tena. Hapo ndipo nilipomwelewa Bwana Mrisho na vile vikombe. Kila swali lake lilimwongezea baba dakika chache za kuwa na mdogo wake hai. Kama alifanya vizuri au vibaya, sijui mpaka leo.

Baba alikaa. Baada ya muda alimwambia mama apakue. Akala peke yake mbele ya watu wote, bila kuinua macho, akaimaliza sahani. Nadhani hakutaka waone kwamba wamesubiri bure.

Nilikwenda jikoni kutafuta maji. Bwana Mrisho alikuwa amesimama kwenye sinki, koti mwilini, mgongo kwangu, akiosha ile sahani. Sikuwahi kumwona mgeni wa kiume akiosha chombo nyumbani kwetu. Aliiosha, akaisuuza, akaanza kuiosha upya.