Tulipompa Tajiri Mgongo

Nilifika Mbeya nikiwa na miezi miwili tu katika ndoa, na kwa majuma sita ya kwanza sikuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mume wangu. Kwetu ni Kilolo, upande wa Iringa. Huko kila niliyekutana naye njiani alikuwa shangazi, au mjomba, au mtu tuliyebatizwa naye siku moja. Mbeya ya miaka ile ya hamsini ilikuwa mji mdogo, lakini kwangu ilijaa watu nisiowajua. Majirani walisema Kinyakyusa na Kisafwa. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, na kila nilipofungua kinywa kilitoka kimechanganyika na Kihehe. Nilikwenda sokoni, nikaonyesha kwa kidole, nikarudi nyumbani kumenya viazi huku nalia.

Mume wangu alikuwa fundi katika gereji ya mtu mmoja mwenye malori. Tulimwita tajiri, kama madereva na mautingo wanavyomwita yeyote mwenye gari. Siku za Jumamosi mume wangu alikuwa beki wa kulia wa timu ya mpira, na timu nayo ilikuwa ya tajiri huyohuyo. Jumamosi moja alinikuta na macho mekundu.

"Leo hubaki humu ndani," akasema. "Twende ukatazame mpira."

"Mimi najua nini habari za mpira?"

"Kupiga kelele hujui?"

Uwanja ulikuwa chini ya mlima, umeinama kidogo upande mmoja, na ukungu uliposhuka golikipa wa mbali alionekana kama kivuli. Nilisimama peke yangu nyuma ya watu. Mwanamke mmoja mpana, Mnyakyusa, muuza ndizi niliyekuwa nikimwona sokoni, akageuka akanitazama.

"Wewe mwanangu, wa nani?"

"Wa beki, mama. Yule wa kulia."

"Wa beki! Na unasimama huko kama umepotea?" Akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele kwenye mstari, katikati ya wanawake kumi au zaidi waliokuwa wakiimba na kupiga vigelegele. Sikuyajua maneno ya wimbo wao. Nilipiga makofi. Mume wangu alipouondoa mpira golini, wote wakanigeukia mimi na kunishangilia kana kwamba niliupiga mimi. Jioni ile nilirudi nyumbani sauti imekauka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nililala bila kuwaza Kilolo.

Kuanzia hapo nilikuwa na watu. Mama wa ndizi alinifundisha kusalimia kwa Kinyakyusa na kusema "ndaga", yaani asante, na wenzake walinicheka nikikosea, kicheko cha ndugu. Sokoni sikuonyesha tena kwa kidole.

Sasa nimseme tajiri, na nimseme kwa haki. Alianza na lori moja bovu baada ya vita, akalitengeneza mwenyewe, na tulipofika sisi alikuwa na malori sita. Timu ilipokuwa ikicheza miguu mitupu na mpira wa kushonwa-shonwa, ni yeye aliyenunua mpira mpya, jezi za bluu na viatu vya njumu. Timu ikienda kucheza mbali ni lori lake lililowabeba. Hayo hakuna aliyeyakana. Tatizo ni kwamba aliiendesha timu kama alivyoendesha malori. Siku ya mchezo aliegesha lori kando ya uwanja, akaweka kiti juu yake, akakaa, na kutoka pale alipanga nani acheze wapi. Kapteni alikuwa kapteni wa jina tu.

Golikipa wetu alikuwa seremala, mtu mzima wa miaka kama arobaini, mpole, mwenye mikono kama koleo. Alikuwa amelinda goli lile tangu timu haijapata hata jezi, na watoto wa mji mzima walimwita baba. Siku moja mazoezini, mbele ya watu, alimwambia tajiri: "Vijana wamepakia magunia ya kahawa tangu asubuhi. Leo waache wapumzike, bwana." Ni hilo tu alilosema, tena kwa heshima. Jumamosi iliyofuata, sweta ya golikipa ilivaliwa na mpwa wa tajiri, mtoto wa dada yake, kijana dereva ambaye hakuwahi kudaka hata chungwa.

Tulifungwa magoli manne. Jumamosi nyingine tukafungwa matano.

Kijana mwenyewe alikuwa akitia huruma. Kila goli likiingia aliokota mpira wavuni taratibu, akatazama chini. Hatukumchukia yeye. Hasira zetu zote zilipanda juu ya lori, kwenye kile kiti.

Mashabiki walichagua watu watano wakamwone tajiri ofisini kwake: kinyozi wa sokoni, wazee wawili, mama wa ndizi na mimi. Nilimuuliza mama wa ndizi kwa nini mimi. "Wewe umesoma," akasema. "Tukikosa maneno utatusaidia." Lakini maneno hayakuhitajika. Tajiri alitusikiliza akiwa amesimama, mikono mifukoni.

"Timu ya nani?" akauliza.

Kinyozi akajibu, "Ya Mbeya, bwana."

"Mbeya ilinunua viatu? Timu ni yangu. Asiyependa akatazame ng'ombe wakila majani."

Tulitoka na hasira. Njiani kila mtu alisema lake: tumzomee, tusije tena, tuanzishe timu nyingine. Mama wa ndizi alinyamaza mpaka tulipofika sokoni, kisha akasema, "Tutakuja wote. Tutasimama palepale. Ila hatutamtazama."

Jumamosi ile mamia ya watu walijipanga kuzunguka uwanja, na refa alipopuliza filimbi, wote tukageuka tukaupa uwanja mgongo. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyeimba. Asiyejua ugumu wa jambo lile na ajaribu siku moja: unasikia mpira unapigwa nyuma yako, unasikia wachezaji wanaitana, shingo inawasha. Mume wangu alikuwa humo ndani na mimi natazama ukuta wa ghala. Kinyozi alikuja na kioo chake cha kunyolea, akakiinua juu ya bega akawa anatusimulia kwa sauti ya chini: "Winga anakimbia... amepita mmoja... lahaula, ameanguka." Kioo hugeuza mambo, kwa hiyo winga wa kushoto kwake alikuwa wa kulia, na mara mbili alitufanya tufurahie goli tulilofungwa. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na bado hatukugeuka.

Jumatatu tajiri alimwita mume wangu ofisini.

"Mkeo ni mmoja wa viongozi wa upuuzi ule. Mwambie akae nyumbani."

Mume wangu aliniambia baadaye alichojibu, na madereva waliokuwapo walinithibitishia. Alisema, "Tajiri, mimi nimekuja kwako kutengeneza magari. Mke wangu hakuandikwa kazi hapa."

Kesho yake akapelekwa Makongolosi, kule kwenye migodi ya dhahabu ya Chunya, kukarabati malori yaliyokwama huko. Hakuambiwa atarudi lini. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Alifunga mzigo wake mdogo, akasimama mlangoni.

"Unajuta kunipeleka uwanjani?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Ila nakuacha na nani?"

Swali lake lilijibiwa kabla lori halijamaliza kupanda mlima wa Chunya. Mchana uleule mama wa ndizi aliingia na mkungu kichwani, akautua, akaanza kufagia bila kuuliza. Wanawake wa uwanjani walipangana zamu. Mmoja alichota maji, mwingine alileta kuni, na binti wa kinyozi alihamia kwangu kabisa. Seremala, golikipa aliyenyang'anywa sweta, alikuja na mbao zake akatengeneza kitanda cha mtoto uani kwangu, siku mbili nzima, akipiga mluzi. Nilipotaka kumshukuru alisema, "Mumeo amezuia mipira mingi isinifikie. Wacha nami nimfanyie kidogo." Nilikuwa nimezaliwa katika ukoo mkubwa, lakini sijawahi kutunzwa kama nilivyotunzwa miezi ile na watu ambao kilichotuunganisha kwanza kilikuwa ni kumkasirikia mtu mmoja.

Halafu tajiri akaja kwangu. Ilikuwa asubuhi, ninaanika nguo. Alikuja kwa miguu, bila gari, akabisha hodi vizuri. Nilimpa kigoda, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akakaa, magoti juu, akawa mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Mama," akasema, "nimewanunulia kila kitu. Niambie ukweli, mnanichukia kwa nini?"

Nilimfikiria mume wangu kule Makongolosi, na nikafikiri kwamba neno baya linaweza kumweka huko mwaka mzima. Lakini sauti yake haikuwa ya ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Hatukuchukii, mzee," nikasema. "Tukija uwanjani sisi tunatazama mpira. Wewe ukija unatutazama sisi, uone kama tunakutazama. Yule seremala alikuombea vijana wako wapumzike. Angekuchukia asingesema kitu, angewaacha wachoke."

Akatazama kile kitanda cha mtoto.

"Nani ametengeneza hiki?"

"Ni yeye."

Akapitisha kidole kwenye ubao, mahali mbao zilipoungana. Akainuka, akasema "Haya, mama," akaenda zake. Sikujua kama nimeponya au nimeharibu.

Jumamosi iliyofuata timu ya Iringa ilikuja kucheza Mbeya. Walikuja na mashabiki wao, na niliposikia Kihehe kikipigwa kelele upande wa pili wa uwanja, nilitamani kulia. Mwanamke mmoja alinitambua, akanisalimia kwa Kihehe: "Kamwene! Si wewe wa Kilolo?" Aliniuliza kwa nini watu wa huku wamegeukia ukuta. Nilipomweleza, alishika kiuno akacheka, kisha akaniambia kwa dhati kwamba wao wangekuwa wameshachoka zamani.

Kiti kilikuwa juu ya lori, na tajiri juu yake. Mpwa wake alikuwa golini. Tukageuka kama kawaida. Iringa wakafunga moja mapema. Dakika chache kabla ya mapumziko filimbi ililia, mchezo ukasimama, na kinyozi akapaza sauti: "Anatoka! Golikipa anatoka!"

Hapo hakuna aliyevumilia. Tuligeuka wote. Kijana alikuwa akivuka uwanja huku ameshika mkono wake wa kulia. Refa, mwalimu wa shule, alimfuata.

"Umeumia?"

"Nimeumia, mwalimu."

"Wapi?"

"Mkono." Kwa mkono huohuo akavua sweta, akaipitisha shingoni bila shida yoyote, akaja mpaka aliposimama seremala katikati yetu. Akampa kwa mikono miwili. "Baba, naomba unisaidie," akasema. "Mimi siwezi, na sijawahi kuweza."

Uwanja mzima ukatazama lori. Tajiri alikuwa amesimama. Nilidhani atapiga kelele. Alimtazama mpwa wake, akatutazama sisi, akainua mkono kidogo, kama mtu anayeruhusu gari lipite. Kisha akashuka kwenye lori akaja kusimama chini, kwenye mstari, kama sisi.

Seremala alivaa sweta iliyombana. Mama wa ndizi akaanza wimbo, na safari ile maneno niliyajua. Tulifungwa hata hivyo, moja bila, maana lile moja la mwanzo halikurudi. Lakini kipindi cha pili seremala alidaka mipira ambayo hata watu wa Iringa waliipigia makofi, na tulipoondoka pale ungedhani tumeshinda.

Tajiri hakuomba radhi, wala hatukungoja aombe. Kupanga timu akamwachia kapteni. Siku ya Jumatano lori lake mwenyewe, likiendeshwa na mpwa wake, lilimrudisha mume wangu kutoka Makongolosi, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Binti yetu alizaliwa siku tisa baadaye, nikishikwa mkono huu na mama wa ndizi na huu na binti wa kinyozi. Ilipofika siku ya ubatizo kanisa lilikuwa limejaa, na mchungaji aliuliza, kwa utani, kama hawa wote ni ndugu wa baba au wa mama. Mume wangu akajibu ni wa pande zote mbili.

Tuliishi Mbeya miaka mingine saba kabla ya kurudi Iringa. Timu ilishinda michezo mingi na kupoteza mingi, na matokeo mengi nimeyasahau. Watu sijawasahau. Mpaka leo, nikimwona mgeni amesimama peke yake nyuma ya umati, popote pale, harusini au kanisani, namwendea, namuuliza ni wa nani, kisha namshika mkono.