Santuri Imekwisha, Fundi Bado Anasikiliza

Jumapili, saa kumi jioni, kama kila wiki. Fundi wa redio, ambaye mtaa mzima humwita Babu Santuri, anapuliza vumbi kwenye santuri na kushusha sindano taratibu. Watu tisa wamebanana kwenye makochi mawili na mkeka mmoja, katika chumba cha mbele cha karakana yake.

Sheria ya hapa ni moja: hakuna kusema mpaka fundi mwenyewe anyanyue sindano.

"Hata ukikaliwa mguu, meza maumivu," kinyozi wa jirani alitania mlangoni.

Wimbo unakwisha. Sindano inabaki ikikwaruza palepale. Babu Santuri amefumba macho, kidole kinapiga mdundo gotini. Kinyozi anatazama sakafu.

Hatimaye mke wa fundi anamgusa mumewe bega.

"Imeisha zamani?" fundi anauliza.

"Sasa hivi tu, baba," mkewe anajibu kwa sauti kubwa. Anadanganya.

Kwa miaka arobaini fundi huyu alipima spika kwa kuzibandika sikioni, sauti ikiwa juu kabisa. "Kipimo kingine sikuwa nacho," anasema. "Sikio la kushoto lilitangulia. La kulia nalo linaniaga." Daktari amemwambia hakuna dawa.

Mwezi uliopita alimrudishia kinyozi redio ikiwa mbovu vilevile.

"Nikamshukuru, nikaenda kuificha uvunguni," kinyozi anasema. "Ningemwambiaje? Amenitengenezea tangu sijaota ndevu."

Mke wa fundi anacheka kidogo, kisha anaacha. "Taa ikizimwa, namwita haitiki. Nimeolewa na ukuta, na ukuta wenyewe naupenda."

Karakana haina kazi tena, na hilo Babu Santuri amelikubali. Anachoogopa ni Jumapili. "Wakija kwa kunihurumia, hapa patakuwa msibani."

Ana mpango. Kuanzia sasa mkewe ndiye atakayenyanyua sindano; yeye ataweka kiganja juu ya kasha la spika na kufuata kwa mkono. Wanajaribu hapohapo, upande wa pili wa santuri.

Mkewe anashusha sindano. Babu Santuri anabonyeza kiganja, uso unachangamka.

"Ngoma ipo," anasema. "Besi ipo."

Anasubiri. Wimbo umeshika kasi.

"Mwimbaji hajaanza?"

Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kusema katikati ya santuri katika chumba hiki, na ni fundi mwenyewe. Mkewe anaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, anaubonyeza kila neno linapopita.